Vazi na Mwili: Mandhari ya Sphinx mbele ya Kiswahili

Wafasiri wa programu za kompyuta wamelipa neno "mandhari" maana mpya: sura inayovishwa kurasa bila kugusa maneno yaliyomo. Maana hiyo yafaa kuchunguzwa kwa mfano wa Sphinx, chombo kilichobuniwa na Georg Brandl na kutolewa mwaka 2008 kwa ajili ya maelezo ya lugha ya Python, ambacho leo hutumiwa na miradi mingi kuandalia miongozo ya programu.

Kuiweka mandhari si kazi ngumu. Anayetaka ile ya Read the Docs huisakinisha kwa amri "pip install sphinx-rtd-theme", kisha katika faili la "conf.py" huandika html_theme = "sphinx_rtd_theme". Chaguo la "navigation_depth" huamua orodha ya yaliyomo ishuke ngazi ngapi. Lisipoguswa, huwa 4. Kurasa zikijengwa upya, mwongozo hupata sura nadhifu, inayosomeka hata katika simu. Sifa hiyo ni ya haki.

Hata hivyo, vazi si mwili. Kisanduku cha kutafutia kinachoonekana juu ya orodha hutegemea kanuni za kulipunguza neno hadi shina lake. Sphinx inazo kanuni hizo kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kifaransa, Kireno na Kituruki, Kiswahili hakimo. Lugha isiyo na kanuni zake hupimwa kwa zile za Kiingereza, ambazo hukata miisho ya maneno, ilhali ngeli za Kiswahili hujidhihirisha mwanzoni. Matokeo yake, anayetafuta "kitufe" haupati ukurasa wenye "vitufe" peke yake. Kosa si la msomaji, wala si la mandhari. Ni nadharia ya neno iliyofichwa ndani ya chombo, nayo haitambui kiambishi awali.

Tiba ipo. Sphinx huruhusu kuongeza lugha ya utafutaji kwa njia ya "add_search_language", na maneno yake ya ndani yaweza kutafsiriwa katika faili la "sphinx.mo", likawekwa mahali panapoonyeshwa na "locale_dirs". Lakini kukata vi- ovyo kungeligeuza neno "vita" kuwa "ta". Tena, kanuni zinazoijua vi- tu zingemwacha nje mzungumzaji wa Lubumbashi, ambaye husema ba- na bi- mahali pa wa- na vi-.

Kwa hiyo jambo hili haliwezi kuachiwa fundi wa kompyuta peke yake. Linadai orodha ya mashina na ujuzi wa ngeli, yaani kazi ya kila siku ya idara za isimu. Isipofanywa, mwongozo wa Kiswahili utaendelea kupendeza machoni huku ukimnyima msomaji neno lile lile alilolijia.