Mayai Matatu Yaliyogeuka Tarakimu 24

Mayai matatu mara 24 ni 72. Yeyote aliyewahi kupima minyoo kwa njia ya Kato-Katz anaijua hesabu hiyo: kibao chenye tundu hupima choo cha uzito wa miligramu 41.7, mpimaji anahesabu mayai kwenye hadubini, kisha anazidisha kwa 24 ili apate mayai kwa kila gramu. Pemba njia hii ni mwenyeji. Kisiwa kina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000, na watoto wa shule wa Pemba ndio waliotoa majibu ya jaribio la dawa lililochapishwa na New England Journal of Medicine mwaka 2014. Humo, dawa ya albendazole peke yake iliwaponya asilimia 2.6 tu ya watoto wenye minyoo mjeledi. Ilipopewa pamoja na oxantel pamoate, walipona asilimia 31.2. Takwimu za namna hiyo husimama juu ya safu moja ya jedwali: idadi ya mayai.

Nimetunga safu ya mfano, fupi makusudi, kama ambavyo karani angeinakili kutoka kwenye fomu ya karatasi: 3, 12, -, 0, mengi, 41. Kistari kimeandikwa na mpimaji ambaye hakuona yai. Neno “mengi” limeandikwa na mwenzake aliyechoka kuhesabu slaidi iliyojaa. Binadamu anaisoma safu hii bila taabu. Maktaba ya pandas, inayotumiwa na wachambuzi wengi wa Python, inaikuta na seli mbili zisizo namba, na kwa ajili ya hizo mbili inaihesabu safu yote kuwa maandishi. Hata ile 3 si tatu tena, ni herufi yenye umbo la tatu. Katika matoleo ya zamani ya pandas, aina ya safu iliandikwa object, jambo ambalo halikumwambia mgeni chochote.

Mchambuzi anaiita safu hiyo mayai, na mayai kwa kila gramu anayaita epg, kisha anaandika:

epg = mayai * 24

Hakuna king'ora kinacholia. Python ni kali ukijaribu kujumlisha maandishi na namba, hapo hapo inakataa. Lakini maandishi mara namba inayakubali, kwa maana yake yenyewe: yarudie mara hizo. Kwa hiyo “3” inatoka ikiwa 333333333333333333333333, tarakimu 24. “12” inatoka na tarakimu 48. Kistari kinageuka mstari wa vistari 24. Na “0” inatoka ikiwa sifuri 24, ambazo ukizigeuza kuwa namba unapata sifuri, jibu sahihi kabisa! Hapa ndipo mtego ulipo: katika shule ambayo watoto wengi hawana minyoo, sehemu kubwa ya jedwali itaonekana salama.

Hitilafu inajitokeza baadaye, mbali na kosa. Mchambuzi anataka kupanga watoto kwa ukali wa maambukizi. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, minyoo mjeledi huhesabiwa kuwa michache chini ya mayai 1,000 kwa gramu, na mingi sana kuanzia 10,000. Anaandika epg >= 10000, na Python inamrukia na TypeError: maandishi na namba haviwezi kulinganishwa. Ujumbe unataja mstari wa ulinganisho, naye anaukodolea macho mstari huo, ambao hauna kosa lolote. Kosa lilizaliwa juu zaidi, faili liliposomwa.

Hatua ya kwanza, basi, ni kupanda juu. Chapa mayai.dtype, yaani aina ya safu, mara tu baada ya kusoma faili, kisha chukua seli moja uichape kwa repr(). Ukiona '3' ndani ya alama za kunukuu badala ya 3 tupu, umeshajua mambo yalipoharibikia. Mtu wa haraka hapa huzifuta zile seli mbili mbovu ndani ya programu, baada ya faili kusomwa, na kuiendesha tena. Hitilafu inabaki pale pale, na hili ndilo huwachanganya wengi: kuondoa kistari na “mengi” hakubadilishi aina ya safu. Zilizobaki, 3, 12, 0 na 41, bado ni maandishi. Katika matoleo ya zamani ya pandas, ukiomba wastani wake, maktaba iliyaunganisha kuwa 312041, ikaigeuza namba, ikagawa kwa nne, ikakupa 78,010.25. Wastani wa kweli ni 14. Matoleo ya karibuni yanakataa kwa TypeError, na afadhali.

Lugha ya R nayo ilikuwa na balaa lake, baya zaidi kwa maoni yangu. Kabla ya toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, read.csv iligeuza safu za maandishi kuwa makundi, na as.numeric juu ya makundi hayo hurudisha nafasi ya kila kundi kwenye orodha iliyopangwa kialfabeti. Safu yetu ingepangwa hivi: -, 0, 12, 3, 41, mengi. Mtoto mwenye mayai 3 anapata 4, mwenye 12 anapata 3, na aliyeandikiwa 0 anapata 2. Zidisha kwa 24: 96, 72, 48. Namba za heshima, zote chini ya 1,000, na zote uongo. Tarakimu 24 za Python angalau zinakutia aibu ukizitazama.

Sasa dawa ya hitilafu yenyewe. Ushauri unaozagaa ni pd.to_numeric(mayai, errors="coerce"), unaogeuza kila kisichosomeka kuwa pengo. Kwa safu hii nauona ni ushauri wa hatari. Kistari kinakuwa pengo ilhali ni sifuri, hivyo mtoto mzima anatoka kwenye hesabu. “Mengi” nalo linakuwa pengo, na huyo ndiye mtoto mgonjwa kuliko wote. Ukiwatoa watu wa ncha zote mbili, asilimia ya walioambukizwa inapotoka na wastani unashuka, na hakuna atakayekuuliza kwa kuwa programu imekwenda hadi mwisho.

Amri hiyo inafaa kwa upelelezi tu:

mayai[pd.to_numeric(mayai, errors="coerce").isna()]

Inakuorodheshea seli zilizogoma, nawe unarudi nazo kwenye fomu na kwa aliyezijaza. Katika mfano wangu kistari ni sifuri, lakini kwenye fomu halisi je, ni “hakuna yai” au “mtoto hakuleta sampuli”? Kompyuta haina namna ya kujua. Mpimaji anajua, au mwongozo wa fomu unasema. “Mengi” lihesabiwe upya kama slaidi bado inasomeka. Ikishindikana, lipewe alama yake katika safu ya pembeni ili msomaji wa ripoti aone ni watoto wangapi waliovuka kipimo.

Baada ya makubaliano hayo, faili lisomwe kwa dtype=str, kila alama ipewe maana yake kwa jina, kisha pd.to_numeric iendeshwe bila coerce. Karani wa shehia nyingine akija kuandika herufi O badala ya sifuri, programu itakwama kwenye mstari huo huo, kabla ya kuzidisha chochote.