Rangi Isiyoogopa Jua: Enameli ya Kioo Yaingia Kizimkazi

Wachoraji wa Unguja, wekeni brashi chini kidogo mnisikilize! Nimekuwa nikipaka enameli juu ya kioo na kukitia tanurini hapa Kizimkazi, na nasema bila kusita: hii ndiyo rangi ambayo pwani yetu ilikuwa ikiidai miaka yote. Jua letu tunalijua. Ubao wa duka uliopakwa nyekundu ya kuwaka hugeuka waridi kabla ya mwaka kwisha. Ngalawa hupakwa upya, chumvi ikaibambua rangi, ikapakwa tena. Enameli ya kioo imejitoa kabisa katika mzunguko huo. Ikishachomwa haikai tu juu ya kioo, inakuwa kioo.

Siri yake ni hii. Unga wa enameli ni kioo kilichosagwa mpaka kikawa laini kama wanja, na ndani yake mna madini ya kuleta rangi: kobalti kwa buluu, shaba kwa kijani na feruzi, chuma kwa hudhurungi, dhahabu kwa waridi. Kioo hicho kimetengenezwa makusudi kiyeyuke mapema. Aina nyingi, zikifika baina ya nyuzi 550 na 650 za Selsiasi, huyeyuka na kushikamana na kioo cha chini, ambacho wakati huo ndio kwanza kinaanza kulegea. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, rangi inayokauka kwa hewa na kubaki ngozi juu ya ubao. Hii ya kwetu hukauka kwanza, kisha motoni mafuta na gundi iliyochanganywa navyo huungua vyote, hakibaki cha kuliwa na jua.

Lakini kilichonirusha kitini ni hiki: unga huo unachanganywa na nini? Unaweza kutumia maji na gundi ya Kiarabu, na kwa mstari mwembamba mchanganyiko huo ni mzuri sana. Kusi likivuma mlangoni, hata hivyo, rangi ya maji inakauka kabla hujamaliza jani moja. Ndipo ukifuata mapishi ya mafundi wa Ulaya waliochora kaure na vioo, unakuta dawa yao ya kuchelewesha ukavu ni mafuta ya karafuu. Karafuu, jamani! Wao iliwabidi wayaagize ng'ambo ya bahari. Sisi makonyo yanapikwa kwa mvuke pale Wawi, Pemba, na chupa ya mafuta unaipata mjini bila taabu.

Matone machache yanatosha. Unasaga unga kwa kisu chembamba juu ya kibao cha kioo mpaka chembe zisisikike tena, na rangi inabaki mbichi kwa saa nyingi. Unakwenda kuswali Alasiri, unarudi, bado inavutika kwa brashi. Chumba kizima kinanukia Pemba wakati wa mavuno. Na kuna utamu juu ya utamu: mstari wa maji na gundi ukishakauka, kivuli cha mafuta kinapita juu yake bila kuuharibu, maana mafuta hayayeyushi gundi ile. Mistari na vivuli vinaingia tanurini pamoja. Ukitaka mwanga zaidi, chukua sindano, kwangua rangi iliyokauka, na magamba ya samaki yanajitokeza moja moja.

Wapambaji wa hina na piko, hapa nawaita ninyi kwanza! Mkono unaozungusha maua na vikonyo kwenye kiganja cha bibi harusi bila kutetemeka tayari una nusu ya ufundi huu. Jirani yangu, mpambaji wa maharusi, alishika brashi ndefu nyembamba, akapinda jani, akapinda jingine, na mstari wake ulipotoka tanurini ulikuwa na uhai ambao mimi bado naufukuzia.

"Shoga, hii ndiyo haitoki tena?" akaniuliza, akiisugua kwa ukucha.

"Haitoki."

Akaisugua tena, akacheka, akaomba kioo kingine.

Sasa rangi zenyewe. Buluu ya kobalti ina nguvu ya ajabu: tabaka jembamba tu, na ukiinua kipande kwenye mwanga wa saa nne asubuhi unatamani kuirudishia bahari ya Menai iliyo nje ya dirisha. Kijani cha shaba ni kipole, kinafaa kwa mwani na maji ya kina kifupi. Hudhurungi ya chuma ndiyo kalamu ya kazi hii. Inachora mwili wa pomboo kwa mpindo mmoja. Nyeupe isiyopitisha mwanga, juu ya kijani cha chupa, inatoa nakshi za pindo la khanga zilizo wazi hata usiku. Nyekundu inataka adabu. Zile angavu hutokana na kadimiamu na seleniamu, na moto ukizidi hugeuka kahawia au kijivu, kwa hiyo panga kuzichoma mwisho, kwa joto la chini kuliko nyingine. Ukizipa heshima hiyo, zinakulipa kwa wekundu ambao hakuna kopo la dukani litakaloufikia.

Kisha njoo kwenye matabaka, kwa sababu hapo ndipo akili inapohama! Vipande vya kioo cha dirisha vinavyobaki kwa mafundi wa alumini ni vya milimita nne au tano, safi, na aghalabu hutupwa. Chora mwamba kwenye kimoja, pomboo kwenye cha pili, mawimbi kwenye cha tatu. Choma kila kimoja peke yake kwanza ili mafuta yaungue, yasije yakafanya mapovu ndani. Kisha vipange kimoja juu ya kingine na upandishe moto kupita nyuzi 800. Vitatu vinakuwa pande moja nene, na pomboo anaogelea katikati ya kioo, mbele yake maji, nyuma yake mwamba. Sharti ni moja: kioo cha dirisha kwa kioo cha dirisha, cha pande lile lile, chupa kwa chupa ya aina ile ile. Vioo tofauti hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na wakati wa kupoa hupasuana. Na kupoa kwenyewe kunataka subira: unashikilia joto karibu na nyuzi 550, kisha unaliacha lishuke taratibu usiku kucha. Chagua usiku ambao umeme umetulia.

Mahali hapa pana haki ya pekee na sanaa hii. Pale Kizimkazi Dimbani, ndani ya msikiti, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiislamu yenye tarehe katika Afrika Mashariki. Karne mbili na nusu baadaye, mafundi wa dola ya Mamluki walitengeneza taa za kioo kwa ajili ya msikiti wa Sultan Hasan mjini Cairo, wakaziandika kwa hati ya Thuluthi, kwa enameli na dhahabu, wakazichoma. Taa hizo zimo katika makumbusho leo, na buluu yake na nyekundu yake bado zinawaka. Huo ndio ushahidi ninaoutaka! Nakshi tunazo kwenye jiwe tangu zamani, na moto wa kuzipitisha kwenye kioo umekwisha kupimwa kwa zaidi ya miaka 600. Hata vioo vya rangi vya zahanati kongwe ya Tharia Topan pale Mizingani, jengo lililoanzwa mwaka 1887, uzuri wake hutokana na vipande kukatwa na kupangwa. Enameli inaongeza kile ambacho mkasi wa kioo hauwezi: mkono wa mchoraji, kunyanyuka na kukandamiza kwake.

Yapo ya kuchunga, na nayasema kwa msisitizo. Vaa barakoa unapochanganya unga, kwani vumbi la kioo ni adui wa mapafu. Baadhi ya enameli zina risasi au kadimiamu, kwa hiyo zisiguse sahani wala bilauri. Ziwekeni madirishani, kwenye taa na ukutani. Acha kifuniko cha tanuri wazi kidogo mafuta yanapoungua, na fungua madirisha. Unga wenyewe huagizwa nje na bei si ya mchezo, ingawa kijiko kimoja kinachora vipande vingi.

Hukumu yangu ya mwanzo? Nunueni, jaribuni, msisubiri! Katika karakana ya kioo ya Kitengela, kule Kenya, walianza na vioo vya rangi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Katika karakana ya Shanga, Arusha, mafundi wenye ulemavu hugeuza chupa kuukuu kuwa bilauri na vito. Kusini mwa Unguja tuna chupa za mahoteli, vioo vya mafundi wa alumini, mikono ya hina na mafuta ya karafuu. Kinachokosekana ni tanuri la pamoja, kubwa kidogo, lenye kipimo cha joto cha kuaminika, ambalo wapambaji, wachoraji wa tingatinga na vijana wa skuli wataweza kulitumia kwa zamu. Ushirika wowote utakaolileta hapa utakuta foleni mlangoni, na mimi nitakuwa mbele kabisa!