Msanidi Asiyepakia: Uhakiki wa Nomino Moja katika Katiba ya Debian

Katiba ya Debian, iliyoridhiwa mwaka 1998, ni matini ya pekee katika utanzu wake. Inawatawala watu waliojitolea kutunza mfumo endeshi huria, watu wasiolipwa mshahara na mradi wala kuishi katika nchi moja. Katiba za dola husheheni virai vya wajibu. Hii, mapema kabisa, inamwondolea mtu wajibu. Hakuna anayelazimika kufanya kazi yoyote. Hata aliyekabidhiwa jukumu anaweza kuliacha, sharti tu asihujumu maamuzi yaliyofikiwa kihalali.

Athari ya kifungu hicho ni kubwa. Kiongozi wa Mradi, anayechaguliwa kila mwaka, hana wa kumwamuru, na karatasi ya kura daima ina nafasi ya kuwakataa wagombea wote. Kwa kuwa kazi haiamriwi, neno hubaki kwa anayeifanya: mtunzaji wa kifurushi cha programu ndiye anayekiamulia, na Kamati ya Kiufundi haiwezi kumpiku ila kwa wingi wa kura tatu kwa moja.

Mfumo huu husifiwa kuwa ni demokrasia. Sifa hiyo ipokewe kwa tahadhari, kwani mamlaka yakitokana na kazi, anayeamua kazi ni ipi ndiye mwenye mamlaka. Wapiga kura, kwa mujibu wa Katiba, ni Wasanidi. Msanidi anafasiliwa kuwa ni mtu wa kujitolea anayetunza vifurushi, au anayefanya kazi nyingine ambayo wateule wa Kiongozi wanaiona ina thamani. Fasili ni pana, neno ni finyu, na baina ya mawili hayo wamesimama wateule.

Mwaka 2010 wanachama walipiga kura kuwakaribisha rasmi wachangiaji wasiotengeneza vifurushi, wakiwemo wafasiri na waandishi wa miongozo. Walipata haki ya kupiga kura. Jina walilopewa, hata hivyo, ni la ukanushi: Wasanidi wasiopakia. Kiswahili kinaianika kasoro hiyo bila huruma, maana kirejeshi kikanushi kinamtambulisha mtu kwa asichokifanya. Nani humwita seremala mwashi asiyejenga? Kwa kipimo hicho, hata walioumba istilahi za Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoandaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, wangeorodheshwa kwa upungufu wao.

Watetezi watasema kwamba kura ni sawa, na asiyeridhika ana uhuru wa kujitenga kwa kuwa leseni inamruhusu. Hoja ya kwanza ina nguvu. Ya pili inahitaji kuchunguzwa. Mwezi Februari 2014 Kamati ya Kiufundi iligawanyika kuhusu systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo mzima. Kura zililingana, na mwenyekiti akatumia kura yake ya uamuzi kuipitisha. Kabla ya mwaka kwisha, waliopinga walitangaza mradi wao, Devuan. Waliweza kwa sababu walikuwa na ujuzi wa kujenga vifurushi na kuvisambaza. Mfasiri akikasirika, leseni inamruhusu vivyo hivyo kuondoka na tafsiri zake zote, lakini hatakuwa na mfumo wa kuzitia ndani yake.