Mkono Uliovunjika Kabla ya Msasa

Mkono wa kinyago cha mpingo hauvunjiki ovyo. Huvunjika pale nyuzi za mti zilipokatwa kwa upana: kwenye kiwiko kilichonyooshwa kando, kwenye kidole kinachoshika mpini wa jembe, kwenye shingo nyembamba ya mtungi uliobebwa kichwani. Gogo lilikua likienda juu kwa zaidi ya miaka 60, na nguvu zake zimelala kufuata njia hiyo. Mchongaji akitaka mkono uende pembeni, hana budi kuzikata nyuzi hizo. Patasi ikizidi kidogo, kipande kinaruka. Mpingo haupindi kwanza ukakupa onyo.

Kazi inayoanzia hapo ndiyo ninayoisifu, maana wanunuzi wanaopita vibandani Mwenge, Dar es Salaam, hawaioni, na ikifanywa sawasawa hawataiona kamwe.

Fundi mwenye subira huanza kwa kutofanya lolote. Huweka patasi chini, humzuia kijana anayemsaidia asifagie, kisha huinama na kuokota kila kibanzi, hata kile chenye ukubwa wa ukucha. Nyuso mbili za mti uliovunjika zina vijibonde na vijilima vinavyoingiana, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuchonga kiungo kinachobana namna hiyo. Anayezisugua kwa msasa akidhani anazisafisha huwa ameshaharibu kiungo bora kuliko chochote atakachokiunda mwenyewe.

Kisha kuna mafuta. Mpingo ni mti mzito, ukiutia majini unazama, na ndani yake mna mafuta yanayoikataa gundi. Gundi nyeupe ya maseremala, ambayo kwenye mninga hushika bila taabu, hapa inaweza kushika leo ikaachia kesho. Kwa hiyo nyuso zote mbili hupanguswa kwa kitambaa chenye spiriti, tena na tena, mpaka kitambaa kiache kutoka na ile rangi ya zambarau iliyokolea. Zikikauka, kipande hujaribiwa kwanza bila gundi. Kikikaa, ndipo gundi kali hupakwa, kidogo tu, na kiungo hufungwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Mpira una faida ambayo kamba haina: unaendelea kuvuta hata baada ya fundo kufungwa, na haukwaruzi. Baada ya hapo kinyago huachwa hadi kesho yake.

Mstari utakaobaki hujazwa unga wa mpingo uleule uliotoka kwenye tupa, ukashindiliwa na kudondoshewa supaglu. Mafundi wa klarineti huko Ulaya hutumia njia hiyohiyo kuziba nyufa, na klarineti zao nyingi ni za mpingo huuhuu. Kwenye hili, fundi wa klarineti na fundi wa Mwenge wangeelewana bila mkalimani.

Haya yote yafanywe kabla ya msasa wa mwisho. Maadamu kinyago bado kina alama za patasi, mkono ulioungwa na bega lake vyote vina unene wa kupunguzwa, navyo hushushwa pamoja kwa tupa hadi viwe uso mmoja. Kikishang'arishwa, nta huwa imeingia kila mahali, gundi haishiki tena, na sehemu yoyote utakayoigusa itabaki na doa.

Wakati mwingine kipande hupotea, au husagika kisifae tena. Hapo ndipo utamtambua fundi aliyetunza mabaki ya gogo lake. Watu husema mpingo ni mweusi, lakini ukiuangalia juani utaona michirizi ya kahawia na zambarau ambayo kila gogo lina yake. Kama kilichopotea ni sikio, sikio jipya sharti litoke kwenye gogo lilelile, nyuzi zake zikielekea kulekule. Kuziba pengo kwa rangi ya viatu ni uharibifu. Rangi huficha kwa muda, kisha hubanduka.

Ipo pia njia ya tatu, inayohitaji ujasiri: kuliacha pengo liamue. Inasimuliwa kwamba Samaki Likankoa, Mmakonde aliyechonga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, alivunja mkono wa kinyago cha binadamu, na kutokana na kinyago hicho kilichoharibika akatoa umbo la shetani, mtindo ambao wachongaji wengi wameufuata tangu hapo. Ukivitazama vinyago vya namna hiyo, vyenye jicho moja, mguu mmoja, tumbo lililotobolewa, utaelewa kwa nini masimulizi hayo yamedumu.

Linabaki suala la bei. Wapo wanunuzi ambao wakiambiwa kinyago kiliungwa hutaka wapunguziwe, na kwa ajili hiyo wapo wauzaji wanaonyamaza. Mimi nasema mnunuzi aambiwe, na bei isishuke. Kinyago hicho kimepewa siku nyingi zaidi za kazi kuliko mwenzake asiye na jeraha: kupangusa, kungoja, kufunga, kutia unga, kushusha kwa tupa. Siku hizo ni za fundi, naye anastahili kulipwa.