Ngoma za Vita Ndani ya Misa

Katika madarasa ya siasa huzuka mara kwa mara swali hili: je, kazi ya sanaa iliyozaliwa katika himaya ya makabaila yaweza kumfunza kada lolote? Wapo ndugu wanaojibu upesi kwamba haiwezi, kwani mtoto wa nyoka ni nyoka. Jibu hilo ni jepesi mno. Tulipime kwa kazi moja: Misa ya Wakati wa Vita ya Joseph Haydn, iliyotungwa mwaka 1796 kwa kwaya, waimbaji pekee wanne na okestra.

Kwanza tutazame hali halisi. Haydn alizaliwa mwaka 1732 kijijini Rohrau, Austria. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu, na mama yake aliwahi kuwa mpishi katika nyumba ya kabaila. Mwaka 1761 aliingia katika utumishi wa ukoo wa Esterházy, makabaila wakubwa wa Hungaria. Mkataba ulimtaka avae sare ya watumishi na afike kila siku, kabla na baada ya adhuhuri, kungojea amri. Alichotunga kilikuwa mali ya bwana wake. Sharti hilo liliondolewa katika mkataba mpya wa mwaka 1779. Hivyo msanii naye alikuwa mvujajasho.

Lakini asili ya mtu pekee haiamui msimamo wake. Mwaka 1796 majeshi ya Mapinduzi ya Ufaransa, chini ya Bonaparte, yalikuwa yakiyapiga majeshi ya Austria huko Italia. Misa hii iliimbwa Vienna tarehe 26 Desemba mwaka huo. Februari 1797 ukatoka wimbo wa Haydn wa kumtukuza Kaisari. Alisimama upande wa ufalme, nasi tusimpambe.

Hata hivyo, tusikilize sehemu ya mwisho, ile ya Mwanakondoo wa Mungu. Kwaya inaanza polepole, kwa unyenyekevu. Mara ngoma za shaba zinaingia chini chini, kama jeshi linalosikika kutoka mbali. Halafu tarumbeta zinalia kwa nguvu. Ombi la amani, ambalo kwa kawaida ya ibada lingekuwa tulivu, linageuka kuwa madai: kwaya inalirudia na kulirudia kwa sauti kuu, na ngoma haziachi kuligonga.

Hapa ndipo ulipo mkinzano. Watawala walihitaji muziki wa kutia ari ya vita. Kazi yenyewe ikabeba hofu ya watu ambao wana wao ndio waliopelekwa kufa. Haydn hakukusudia kuupinga ufalme, lakini fundi mwaminifu husema yaliyomo katika jamii yake hata kupita itikadi yake.

Udhaifu nao upo. Mwisho ni wa shangwe, na shangwe hiyo inaliruka swali la msingi: amani ya nani, na kwa faida ya tabaka gani? Misa inaililia amani, lakini haimtaji anayeleta vita. Kazi ya kumtaja ni yetu.

Kwa hiyo, kada asiitupe kazi ya kale kwa kutazama mlango ilikotokea, wala asiipokee kwa kuvutiwa na utamu wake. Aulize ilitungwa kwa amri ya nani, kisha asikilize inasema nini zaidi ya amri hiyo. Asiyefanya la kwanza atadanganywa. Asiyefanya la pili atabaki kiziwi.