Pima Uso, Usipime Mchanga

Kisiwa cha Chovai kiko kusini mwa Kismayo, karibu digrii 1 tu kusini mwa Ikweta, na mwanga wake ni mgumu kwa yeyote anayempiga mtu picha nje. Saa sita mchana jua liko utosini. Paji la uso linang'aa, macho yanazama chini ya nyusi, na pua inaangusha doa jeusi juu ya mdomo. Mchanga mweupe nao unameremeta pande zote. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, huuona ule weupe, ikapunguza mwanga, na uso wa mtu mweusi ukatoka kiza kitupu.

Ni katika mwanga huo kijana mmoja wa Kibajuni alipiga picha zake za kwanza za mwanamitindo nje ya chumba. Mwanamitindo mwenyewe ni binti ami yake, na gauni lilishonwa na fundi cherehani wa Kismayo aliyetaka picha za kuwaonyesha wateja. Aliporudi mjini, kijana akazituma Mombasa kwa mzee aliyewahi kuwa na studio kwa miaka mingi, ambaye yeye humwita ami. Nilikuwapo zilipofika. Nimeona watu wengi wakitoa maoni juu ya picha, lakini sijaona wengi wanaotazama kama yule mzee.

Kwanza alinyamaza. Alizipitia zote hadi mwisho, akarudi mwanzo, akazipitia tena. Kisha akashika simu, akarekodi sauti, na neno lake la kwanza halikuhusu kamera. "Mwanangu, binti mwenyewe ameziona? Na mamake je?" Kwetu swali hilo ndilo mlango wa kazi nzima. Picha ya mwanamke haitoki nyumbani bila wenyewe kuridhia, na mpiga picha anayelisahau hilo hapati wa kumpiga mara ya pili. Alisubiri jibu. Lilipokuja kwamba wote wameziona na wameridhia, ndipo akaanza.

Alianza na macho. Alikuza picha moja hadi jicho likajaa kioo, akatafuta ile nuru ndogo inayokaa juu ya mboni. Haikuwapo. "Macho yamekufa hapa, na si kosa la binti. Umemsimamisha jua likiwa juu yake." Akahamia picha nyingine iliyopigwa penye kivuli cha ukuta wa nyumba. Nuru ilikuwapo, ndogo, upande wa kushoto, inatoka kwenye ile anga iliyo wazi mbele ya ukuta. Hapo mzee alitulia muda mrefu. Sauti yake ilibadilika alipomwambia kijana kwamba picha hii anayo, aishike.

Halafu yakaja yale mambo madogo ambayo ndiyo kazi yenyewe. Mstari wa bahari ulipita nyuma ya shingo ya binti ukamkata: ungepiga magoti kidogo, mstari ungeshuka mabegani. Picha ya mwili mzima ilikomea kwenye vifundo vya miguu: ama onyesha nyayo, ama kata juu ya goti. Mkono mmoja ulining'inia haujui pa kukaa: mpe kitu cha kushika, hata ncha ya mtandio. Kusi lilikuwa likivuma, na mtandio ulikuwa umemfunika mdomo katika picha nzuri tatu. "Mwelekeze uso kwenye upepo, mtandio utarudi nyuma wenyewe." Kila kosa alilolitaja, alilitaja pamoja na dawa yake.

Juu ya rangi ya ngozi alisema maneno machache tu: "Pima uso, usipime mchanga." Nyuma ya maneno hayo ipo historia ndefu. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye sura ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi ikawa inatoka vyovyote itakavyotoka. Mafundi wa pwani yetu hawakusubiri kiwanda kiwajali. Walijifunza kuongeza mwanga kwa jicho, mteja baada ya mteja.

Na mafundi tulikuwa nao. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930. Mombasa walikuwapo akina Parekh, na Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyekata na kubandika picha zake kwa ustadi. Mzee huyu ni wa malezi hayo. Filamu ya 120 kwenye kamera ya picha za mraba ilitoa picha 12, basi. Ukimaliza 12 umemaliza, na kila moja ina gharama. Nadhani ndipo subira yake ilipotoka: alizoea kumaliza kutazama kabla ya kubonyeza.

Kuna jambo moja alilolieleza ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayamwambii mtoto wa Chovai. Wazungu husifu mwanga wa dhahabu wa jioni kana kwamba ni wa saa nzima na zaidi. Kwao kaskazini jua hutua kwa mshazari, linachelewa. Kwetu hushuka karibu wima, na digrii 10 za mwisho kabla ya kuzama hulichukua dakika 40 hivi. Kwa hiyo mwanamitindo awe tayari, mavazi yamenyooshwa, mahali pamechaguliwa tangu mchana. Na kwa kuwa bahari kuu ya Chovai iko mashariki, jua la jioni linatua upande wa bara, ng'ambo ya mlango wa bahari. Anayetaka jua la kuchomoza juu ya maji aamke alfajiri aende upande wa bahari kuu. Anayetaka jioni aende upande wa mlango.

Mzee alimaliza kwa kumpa kazi: arudi Chovai na binti yuleyule, gauni lilelile, ukuta uleule, safari hii saa kumi na moja, na kitambaa cheupe cha kurudishia mwanga usoni. Asilete picha nyingi. Alete tano alizozichagua mwenyewe, na aseme kwa nini.

Mafundi wa rika lake wamebaki wachache. Wewe unayeanza, kama mtaani kwenu yupo mzee aliyewahi kuwa na studio, mpelekee picha zako mwezi huu, keti kando yake, na mwache anyamaze kadiri anavyotaka.