Kimya cha Padre Healy

Padre Patrick Francis Healy, Mjesuiti, huitwa mwanzilishi wa pili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington. Tukiipima kazi yake, sifa hiyo anaistahili. Tukiyapima maisha yake yote, tunakutana na swali gumu zaidi.

Alizaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1834. Baba yake, mhamiaji kutoka Ireland, alikuwa na shamba na watumwa. Mama yake, Eliza, alikuwa mmoja wao. Kwa sheria ya Georgia mtoto alifuata hali ya mama, hivyo Patrick alizaliwa mtumwa wa baba yake mzazi. Baba alimpeleka kaskazini akasome. Mwaka 1850 alijiunga na Wajesuiti, akaendelea na masomo hadi Leuven, Ubelgiji, akarudi kufundisha falsafa Georgetown. Kuanzia 1874 hadi 1882 alikuwa mkuu wa chuo. Aliimarisha masomo ya sayansi, sheria na tiba, akajenga jengo kubwa linaloitwa kwa jina lake hadi leo.

Yote hayo aliyafanya akihesabiwa kuwa Mzungu. Rangi yake ilimwezesha, na wakubwa wake shirikani walioijua asili yake hawakuitangaza. Ikumbukwe kwamba mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272, na sehemu ya fedha hizo ikalipa madeni ya chuo hicho hicho. Mwana wa mtumwa akakaa katika kiti hicho, na vijana Weusi wakabaki nje ya mlango hadi karne iliyofuata.

Wengi leo humsifu kuwa Mweusi wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha Wazungu nchini humo. Ni kweli, lakini sifa hiyo inapita haraka mno juu ya bei aliyoilipa: kutomtaja mama yake. Wengine humwita msaliti. Hao nao wanasahau kwamba ukweli ungemwondoa kazini, na haukuwa na hakika ya kumfungulia mlango mtu mwingine.

Tunamkumbuka Esta. Naye alificha kabila lake katika nyumba ya mfalme (Esta 2:10), kwa agizo la Mordekai. Lakini Mordekai aliyemwagiza anyamaze ndiye aliyemwambia, saa ilipofika, kwamba sasa asinyamaze (4:14). Healy alikuwa na wengi wa kumsaidia kunyamaza. Hatuoni aliyekuwa Mordekai wake hadi mwisho. Lawama yetu kubwa, basi, inaliangukia kanisa lililompa daraja la upadre na kiti cha ukuu, lakini halikumpa nafasi ya kusema, "Huyu ni mama yangu."

Wapendwa, Kristo hakuona haya kutuita ndugu (Waebrania 2:11). Tuangalie shule na sharika zetu: ni nani anayeketi kati yetu akificha kwao, ukoo wake au ugonjwa wake, ili tumkubali? Mtu huyo anangoja Mordekai.